Boma la zahanati lipo kwenye bajeti kila mwaka ila hela haiji, wadau wa Kigoma hii imekaaje?

Mla Migebuka (mleta uzi)
Wakuu salama. Mimi niko kijiji kimoja mkoa huu huu wa Kigoma, halmashauri siitaji kwa sababu watu wa ofisini wanasoma humu na mimi kuna kibali changu cha kiwanja bado kiko mezani kwao. Wananchi tulichangishana, tukafyatua tofali, tukabeba mawe na mchanga, boma la zahanati, yaani kuta tupu bila paa, likafika lenta. Toka hapo limesimama. Kinachonichanganya ni kwamba kila baraza likipitisha bajeti diwani anakuja na karatasi anatuonyesha mstari umeandikwa "umaliziaji wa boma la zahanati", kijiji chetu kimetajwa kwa jina kabisa, halafu mwaka unaisha bati hata moja hatulioni na mwaka unaofuata mstari ni ule ule. Popo wameshahamia, mbuzi wanajikinga upepo humo, na kina mama wanapelekwa kujifungua mbali kwa bodaboda. Hivi kitu kikishapita barazani si maana yake hela ipo? Inaenda wapi? Naomba majibu ya watu wanaojua, sio matusi.

Kapuku wa Gungu
Nimetandika mkeka hapa, ngoja wajuvi waje.

Chumvi ya Uvinza
Wameila. Mods fungeni uzi.

Binti Heru
Chumvi umeambiwa watu wanaojua 😂

Daftari Jekundu
Mla Migebuka, nimefanya kazi idara ya mipango miaka mingi (sio Kigoma) nikastaafu, nikueleze kidogo. Baraza halipitishi hela, linapitisha makisio. Kile kitabu kina mafungu ya aina tofauti. Kuna mishahara, hiyo inatoka Hazina na ndiyo inayofanya ule mtungo wa mabilioni uonekane mrefu, ila ni ya walimu, manesi, maafisa ugani, halmashauri haiwezi kuigusa. Kuna matumizi mengineyo, wenyewe tunaita OC. Kuna ruzuku ya maendeleo toka serikali kuu na wafadhili. Na kuna mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, leseni, ushuru wa masoko, ushuru wa huduma, vibali na kadhalika, na hiki ni kifungu kidogo kwa halmashauri nyingi za vijijini. Sasa muulize diwani swali moja tu, boma letu limewekwa kwenye chanzo gani? Akikwambia mapato ya ndani basi ujue hela yenu ipo kwa watu ambao bado hawajalipa ushuru. Mkusanyaji akikusanya nusu ya makisio, miradi inakatwa, na inayokatwa kwanza ni ile ambayo haina mtu wa kuipigia kelele.

Mla Migebuka
Asante Daftari. Nitamuuliza. Ila sasa kwanini waandike jina la kijiji kama hawana uhakika, si wangenyamaza tu?

Chumvi ya Uvinza
Kwa sababu kuandika hakuna gharama. Narudia, wameila.

Tangawizi Kali
Mimi nafanya biashara ya mazao, nanunua Buhigwe na Kasulu. Tatizo ni ushuru. Wakulima wanakatwa asilimia 5 na bado halmashauri inalia haina hela, sasa hizo zinaenda wapi kama siyo mifukoni?

Daftari Jekundu
Tangawizi, asilimia 5 ni habari ya zamani. Toka 2017 sheria imeshuka, mazao ya biashara asilimia 3 na ya chakula asilimia 2, na anayelipa ni mnunuzi, yaani wewe, sio mkulima. Na mzigo usiofika tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi.

Tangawizi Kali
Anayelipa kwenye karatasi ni mimi, ila nikijua nitalipa nashusha bei kwa mkulima, kwa hiyo nani amelipa? Hapo kwenye tani moja ndipo penye utamu, watu wanagawa gunia kwenye Noah na bodaboda, kila mmoja chini ya tani, mzigo unakutana ng'ambo ya geti unapakiwa fuso. Mashine ya POS ya kukatia ushuru haijaona kitu. Simtaji mtu.

Binti Heru
Kwa hiyo wewe ndiye uliyekula bati za Mla Migebuka 😂😂

Tangawizi Kali
Mimi nafuata sheria dada. Chini ya tani ni chini ya tani.

Bajaji Mbovu
Tukiwa tunaongelea bajeti, na mitaro ya huku mjini je? Mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka sebuleni, halmashauri ipo, diwani yupo, na kodi ya jengo nalipa kila mwezi kwenye LUKU ya umeme. Halmashauri itengeneze barabara kwanza ndiyo waende kwenye zahanati.

Daftari Jekundu
Bajaji, barabara za mitaa na vijiji hazipo tena kwenye bajeti ya halmashauri. Zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, Julai 2017. Maji vijijini yakaenda kwa wakala wake, RUWASA, 2019. Kwa hiyo diwani ukimpigia kelele ya barabara, yeye mwenyewe anaenda kuomba kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Na kodi ya jengo ya LUKU ilianza 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500, ila inaingia serikali kuu kwanza halafu sehemu tu ndiyo inarudi halmashauri. Huko nyuma kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri wenyewe kabla haijapelekwa TRA.

Bajaji Mbovu
Sasa diwani ana kazi gani?

Mzee Kibatari
Kufungua mashindano ya mpira.

Daftari Jekundu
Hapana Mzee, kazi anayo. Mipango ya TARURA ya wilaya inapelekwa barazani, diwani anaweza kusema barabara ile kwanza. Ila hela haiko mikononi mwake. Barabara zina fungu lake, kuna Mfuko wa Barabara, na 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kwa hiyo Bajaji ukijaza tenki umeshachangia, sema hujui umechangia mtaro wa nani.

Ujiji Damu
Nyie mnalia, sisi manispaa mambo yanakwenda. Barabara za lami za mitaa tulizopata enzi za mradi wa miji ya kimkakati nani hazikumbuki, na sasa mradi wa miji wa TACTIC umeingia, soko la Mwanga, mwalo wa Katonga. Njooni mjini.

Mla Migebuka
Ujiji Damu, hiyo ndiyo hasira yangu. Mjini mnajengewa masoko, sisi hata bati.

Fundi Lenta
Ila muwe mnaweka wazi, TACTIC ni hela ya Benki ya Dunia na ni mkopo, sio mapato ya manispaa na sio msaada. Iko kwenye miji 45 nchi nzima, Kigoma Ujiji na Tabora wakaingia kundi la kwanza. Vijiji haviwezi kuingia humo kwa sababu mradi wenyewe ni wa miji. Mwenye kijiji akisubiri TACTIC atasubiri sana.

Ujiji Damu
Mkopo tutalipa wote, nyie wa kijijini pia. Karibuni muuze nyanya kwenye soko letu.

Asali ya Sikonge
Nawasalimu watu wa mwisho wa reli kutoka Tabora. Huku kwetu bajeti ya halmashauri ni tumbaku. Mvua ikiwa nzuri na makampuni yakanunua, ushuru unaingia, unaona madawati, unaona matundu ya vyoo shuleni. Kampuni ikipunguza makisio ya kununua, bajeti nzima inalala na hakuna aliyeiba kitu. Kwa hiyo Chumvi usikimbilie kusema wameila, wakati mwingine hakikuwepo cha kula.

Chumvi ya Uvinza
Wa Tabora embe zimeisha au? Mbona huku kwetu hakuna tumbaku ya kutosha kusingizia.

Asali ya Sikonge
Embe zipo, njoo na treni. Ukifika hai utazikuta.

Mzee Kibatari
Reli imefika Kigoma 1914 na utani ni huo huo.

Fundi Lenta
Nirudi kwenye boma. Mimi ni fundi, nimejenga na kumalizia majengo ya serikali kwa utaratibu wa force account, yaani kijiji au shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi, hakuna mkandarasi. Nimeona maboma mengi ya wananchi na ukweli ni mchungu kidogo. Injinia akija anapima, anakuta msingi mwembamba, hakuna mkanda wa zege chini, vyumba havifanani na ramani ya TAMISEMI (wanaosimamia halmashauri), chumba cha kujifungulia kitanda kikiingia nesi hapiti. Anaandika ripoti kwamba boma haliwezi kupauliwa bila marekebisho na marekebisho ni gharama kuliko kuezeka. Hakuna mtu anayekuja kuwaambia wananchi hilo kwa sababu mlichanga kwa jasho, kwa hiyo mstari unabaki kwenye kitabu. Hela ikija inaenda kwenye boma ambalo halina utata. Zile za serikali kuu zilizokuwa zinakuja milioni 50 kwa boma la zahanati, zilikuwa zinatoshea boma lililonyooka tu, likiwa na kona kona zinaishia kwenye dirisha.

Mla Migebuka
Boma letu limenyooka mkuu, lilisimamiwa na fundi mzuri tu wa hapa hapa.

Fundi Lenta
Wote huwa wanasema hivyo 😀 Mlipewa ramani na ofisi ya injinia kabla ya kuchimba msingi au mlichora chini kwa kijiti?

Mla Migebuka
...ngoja nimuulize mwenyekiti.

Binti Heru
Kijiti hicho 😂

Nesi wa Zamu
Naomba niongeze ambalo nyote mmeruka. Jengo likiisha siyo zahanati. Inatakiwa choo, kichomea taka, maji, nyumba ya mtumishi, isajiliwe, ipangiwe mganga na manesi, ifunguliwe akaunti ya dawa. Toka ule mpango wa afya ya msingi wa 2007 wa kila kijiji zahanati na kila kata kituo cha afya, watu wamejenga sana ila watumishi hawajazaliwa kwa kasi hiyo. Mimi nimewahi kufanya kazi zahanati ambayo nilikuwa peke yangu, nazalisha, nagawa dawa, naandika vitabu, nikiumwa inafungwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu wa afya wilayani anaona boma lenu anasema, nikilimalizia nitamweka nani? Analiacha kimya kimya, anapeleka hela kuongeza wodi pale ambapo tayari kuna watu.

Fundi Lenta
Hapo nakataa nesi. Jengo likikaa tayari ndiyo linamlazimisha mkubwa alete mtumishi. Ukisubiri mtumishi kwanza, mvua inakula tofali.

Nesi wa Zamu
Lenye bati na kufuli pia lipo, nimeliona kwa macho, limekaa na popo wake vile vile. Tofauti ni kwamba hao popo wana dari.

Kapuku wa Gungu
Mimi mtaniambia nini kuhusu asilimia 10? Hela za mikopo ya vikundi ndizo zimemaliza bajeti. Kila siku vikundi, vikundi.

Binti Heru
Kapuku acha hizo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ni sheria, kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Na ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, 2024 ikarudi, zikachaguliwa halmashauri 10 za kujaribu kupitia benki na Kigoma Ujiji ikiwemo. Kama vikundi ndivyo vilivyokula bati, basi kile kipindi mikopo imesimama boma lingeezekwa. Liliezekwa?

Mla Migebuka
Halikuezekwa.

Kapuku wa Gungu
Dada unajua kuuliza.

Binti Heru
Ila sitetei kila kitu. Kikundi chetu tulirudisha mpaka shilingi ya mwisho, jirani yetu kuna kikundi kilikopa kwa jina la ufugaji wa kuku na hatujawahi kusikia jogoo. Tukienda kuomba awamu ya pili sisi ndiyo tunaangaliwa vibaya.

Ujiji Damu
Mnakumbuka lakini kwamba Kigoma Ujiji iliwahi kuwa mfano wa uwazi duniani? 2016 ule mpango wa kimataifa wa serikali kwa uwazi, OGP, ulichagua serikali za ngazi ya chini 15 dunia nzima za kuanzia na sisi tukiwemo, tumekaa meza moja na Paris na Seoul. Mambo ya bajeti yawekwe wazi mwananchi aone. 2017 Tanzania ikajitoa na sisi tukatoka. Kama ile ingeendelea, leo Mla Migebuka asingekuja kuuliza humu, angefungua simu aone.

Mzee Kibatari
Angefungua simu aone kwamba hakuna hela. Uwazi hauezeki.

Ujiji Damu
Ila ungejua ni nani kahamisha, Mzee. Kitu kikihamishwa toka mradi huu kwenda ule kinapita kwenye kamati ya fedha, kuna muhtasari. Tatizo muhtasari huo mwananchi hauoni.

Mzee Kibatari
Na ukiuona utausoma? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Kwetu ulipangwa siku ya Simba na Yanga, tukaja wazee watatu na mtendaji. Akasoma, tukapiga makofi, akaenda zake kuangalia mpira. Vijana wote leo mnauliza hela iko wapi.

Bajaji Mbovu
Mzee na wewe ulisikia nini kwenye hayo mapato na matumizi?

Mzee Kibatari
Alikuwa anasoma haraka.

Tangawizi Kali
Kuna kitu hamjagusa, tarehe. Hela za miradi kutoka juu zinaingia Mei au Juni, mwaka wa fedha unafunga 30 Juni, wanakimbizana na manunuzi kwenye mfumo, mzabuni hajajibu, tarehe inafika hela inarudi Hazina. Nina ndugu muuza vifaa vya ujenzi, mwezi wa sita hapokei simu nyingine, anatafutwa na ofisi tu.

Daftari Jekundu
Hiyo ni kweli kwa baadhi ya hela za ruzuku, na kuna utaratibu wa kuomba zibaki. Mapato ya ndani hayarudi Hazina. Lakini mapato ya ndani nayo yana ugonjwa wake, msimu. Mazao yanavunwa kuanzia Mei, Juni huko, kwa hiyo ushuru mwingi unaingia mwisho wa mwaka wa fedha au mwanzo wa mwaka unaofuata, na katikati hapo, Desemba mpaka Machi, akaunti inakauka. Ukipanga kuezeka Januari, unapanga kuezeka kwa hewa.

Mla Migebuka
Wakuu nimerudi na majibu. Nimempata mtendaji na mtu mmoja wa kule wilayani. Kwanza chanzo ni mapato ya ndani kama Daftari alivyosema. Pili kiasi kilichowekwa hakifiki hata nusu ya gharama ya kuezeka, sasa sielewi hata ingetoka yote ingefanya nini. Tatu, ramani ipo, ila ni ramani tuliyopewa ya zamani, wanasema siku hizi kuna nyingine. Fundi Lenta usicheke.

Fundi Lenta
Sijacheka. Nimetabasamu.

Daftari Jekundu
Hilo la pili ndilo lenyewe na nilikuwa nasubiri ulitaje. Hivi ndivyo bajeti za halmashauri zinavyopikwa. Hela ya maendeleo ya mapato ya ndani, ile asilimia inayotengwa kutegemea ukubwa wa mapato, ikigawanywa kwa kata zote kila diwani anataka arudi kwake na mstari. Badala ya kumaliza maboma matatu mwaka huu na matatu mwakani, mnaanza au kugusa yote kidogo kidogo, huyu milioni kadhaa, yule milioni kadhaa, na hakuna hata moja linaloisha. Nimekaa kwenye hivyo vikao. Afisa mipango akileta orodha fupi madiwani wanakataa kupitisha, akileta ndefu wanapiga makofi. Diwani wenu hakuwadanganya, mstari upo kweli. Ila ule mstari aliupata kwa sababu kila mtu alipewa wake.

Asali ya Sikonge
Huku kwetu waliwahi kujaribu kuzungushana, kata hizi mwaka huu, zile mwakani. Ulipofika mwakani wakaingia madiwani wapya baada ya uchaguzi, wakasema hilo deni hatulijui.

Chumvi ya Uvinza
Mnaona? Mnazunguka wee mwisho mnarudi pale pale, wameila ila kwa kugawana mistari.

Daftari Jekundu
Chumvi, kugawana mistari na kula hela ni vitu viwili. Cha kwanza hakina jela.

Nesi wa Zamu
Na mimi bado nashikilia, hata wakimaliza matatu kwa mwaka, manesi wa kuyajaza watoke wapi?

Ujiji Damu
Kuna Mfuko wa Jimbo pia, upo kisheria toka 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati. Vijiji vingi vimepata bati humo. Mla Migebuka barua yenu ilishawahi kwenda huko?

Mla Migebuka
Mwenyekiti anasema ilienda. Mtendaji anasema haijaenda. Nakala hakuna.

Binti Heru
Andikeni upya, mgonge muhuri, mpige picha siku mnayoipeleka, na aliyepokea asaini. Sisi kwenye kikundi tunafanya hivyo hata tukipeleka taarifa ya kikao cha chai.

Kapuku wa Gungu
Na mbuzi mtawahamishia wapi?

Mla Migebuka
Kapuku wewe nikija mjini nakutafuta. Fundi, nimepima leo na kamba, chumba cha kujifungulia mlango una futi mbili na nusu. Hiyo inatosha?

Fundi Lenta
Kitanda cha magurudumu hakipiti hapo. Utavunja pembeni uongeze, na lenta ya juu ya huo mlango itabidi irudiwe. Weka picha ya ukuta wa ndani nione kama tofali zimelala au zimesimama, halafu nikupigie hesabu ya nondo na saruji.

Nesi wa Zamu
Na mbao za paa usinunue kabla mganga mkuu wa wilaya hajaandika kwamba atawaletea mtu. Namaanisha aandike, sio aseme.

Fundi Lenta
Nesi akiandika na asipoleta utamfanya nini? Nunueni mbao, mvua zinaanza Oktoba.